Uzoefu wangu: kuifufua mashua kuukuu kwa mafundi wa Matondoni

Mashua yangu ina futi 30, iliundwa Matondoni kisiwani Lamu zaidi ya miaka 20 iliyopita, nami ni mmiliki wake wa tatu. Msimu wa kaskazi huchukua wageni kwenda Takwa na Manda Toto, na wageni wanapoadimika hubeba mizigo midogo. Mwezi wa Juni mwaka jana niliirudisha kijijini ilikoundwa ili itengenezwe, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenye chombo cha umri kama huo anayejiuliza aanzie wapi.

Mimi nilianza pabaya. Kabla ya kufika Matondoni nilikuwa nimemlipa fundi umeme mmoja anifungie betri ya volti 12, paneli ya sola ya wati 100, taa za usiku na pampu ya ngama (sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) yenye swichi ya boya, ile inayojiwasha maji yakipanda. Miezi mitatu nililala usingizi wa raha. Kumbe maji yalikuwa yakiingia usiku kucha na kutolewa usiku kucha, nami nikifika asubuhi nikaona ngama kavu, nikadhani chombo ni kizima. Alfajiri moja, baada ya siku mbili za mawingu, nilikuta maji yamefunika mataruma, yaani mbavu za chombo, na pampu imenyamaza. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, yangu ilisoma 10. Nilipofungua kiungo cha waya wa pampu, shaba ilikuwa imegeuka kijani na ikakatika kwa kidole, kwa sababu zilitumika nyaya za gari zisizopakwa bati, tena bila fyuzi karibu na betri. Kazi ya namna hiyo siipendekezi kwa chombo chochote kinachoelea kwenye maji ya chumvi.

Matondoni tulisubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida, tukaipandisha mashua pwani maji yalipojaa, kisha tukaitia magadi, yaani miti ya kuiegemeza isilale. Fundi mkuu, mzee wa makamo ya baba yangu, hakuugusa umeme wala mashine. Alizunguka na nyundo akigonga ubao mmoja baada ya mwingine, ameinamisha sikio. Ubao mzima ulilia, ulioanza kuoza ukajibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Alitia alama mbao tatu karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma mawili, akaonyesha pia michirizi ya kutu iliyoshuka kutoka vichwa vya misumari. Nilipomweleza habari ya pampu alisema, "Mwanangu, ulinunua upo wa umeme. Sasa tuzibe." Upo ni kata ya kutolea maji yaliyoingia mashuani.

Kazi ya kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, ndiyo iliyonifanya nikae pale kutwa nzima bila kuchoka. Pamba ya zamani ilitolewa kwa chuma chenye ncha iliyopinda, nayo ilitoka nyeusi, ikimeguka kama tumbaku. Pamba mpya ilisokotwa mkononi, ikaloweshwa mafuta, ikasukumwa ndani ya mwanya kwa patasi butu, tabaka juu ya tabaka, hadi mlio wa nyundo ulipobadilika kutoka mzito hadi mkali. Hapo ndipo fundi aliposogea mbele. Misumari mipya ya mabati nayo ilizungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kupigiliwa, ili maji yasiifuate ndani ya mbao. Mwishoni sehemu ya chini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na ya juu ikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilinifuata hadi nyumbani kwa wiki nzima.

Lalamiko langu ni moja. Niliahidiwa kwamba kazi ingekamilika ndani ya bamvua ile ile, lakini misumari ilichelewa kufika kutoka Mombasa, kazi ikapita kwa siku mbili, na kwa kuwa bamvua nyingine huja baada ya wiki mbili hivi, siku mbili hizo zikanigharimu nusu mwezi bila chombo. Laiti ningenunua vifaa vyote kabla ya kuipandisha.

Iliposhushwa majini ilivuja, na wasiojua wangetishika, lakini mbao zilizokauka juani huhitaji muda kufura; siku ya tatu uvujaji ukakoma. Baada ya hapo ndipo nilipofumua umeme wote na kuufunga upya kwa nyaya za shaba iliyopakwa bati, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na gofia (kapi yake) nilibadilisha siku moja, pamoja na mpira wa pampu ya maji ya mashine, ambao sasa huubadilisha kila mwaka hata kama unaonekana mzima.

Kalafati na mbao zilinigharimu kuliko betri, paneli na pampu kwa pamoja, na ningelipa tena bila kusita. Zamani nikifua maji asubuhi kwa upo nilihesabu hadi 40; sasa nahesabu 3, na kwa makusudi nimeizima swichi ya boya mashua inapolala nangani, ili kila asubuhi nihesabu mwenyewe. Tanga bado lina viraka na foromali, mti unaoshikilia tanga, imepasuka upande wa juu, lakini hayo yanasubiri Juni ijayo, na misumari nimekwisha kuinunua.