Noti za chuo kwenye tableti: programu niliyobaki nayo na sababu zake

Mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi hupata noti kwa njia tatu. Kuna PDF ambazo mhadhiri hutupia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kuna milinganyo anayoijaza ubaoni na kuifuta kabla hujapumua, halafu kuna fotokopi za mitihani iliyopita. Programu inayonifaa ni ile inayozibeba zote pamoja na kufunguka hata bando likiwa limeisha. Nasisitiza hili kwa sababu wenzangu wengi huchagua kwa rangi za kalamu na urembo wa majalada.

Tableti yangu ni Samsung Galaxy Tab S6 Lite. Niliipenda kwa sababu kalamu yake, S Pen, huja ndani ya boksi na haihitaji kuchajiwa. Kwa upande wa iPad, Apple Pencil hununuliwa kando, na kwa mfuko wa mwanafunzi hiyo ni bei ya kufikiria mara mbili.

Samsung Notes ndiyo iliyonishika. Ni ya bure na huja na tableti. Nafungua PDF ya mhadhiri na kuandika juu yake, nikikosa nafasi naongeza ukurasa mtupu katikati. Lakini kilichonikamata hasa ni kurekodi sauti. Ukiandika huku inarekodi, baadaye unagusa neno ulilolichora na sauti inarudi palepale mhadhiri alipokuwa akizungumza. Somo la thermodinamiki lilinibadilikia kwa jambo hili moja. Alama niliyoiandika haraka bila kuielewa, naigusa usiku hosteli na kusikia maelezo yake yote tena. (Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Ni heshima, na wahadhiri wengi hawakatai.) Na yote hayo hufanyika bila intaneti.

Ila ujue unajifunga kwa Samsung. Ukihamia tableti ya kampuni nyingine, madaftari yako hayafunguki huko yalivyo, ni lazima uyatoe kwanza kama PDF.

OneNote ya Microsoft ni ya bure pia, na inafunguka kwenye simu, kwenye tableti na kwenye kompyuta ya maabara. Akaunti ya bure ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, hukupa GB 5. Ukurasa wake hauna mwisho, unaweza kuendelea kuandika kulia na chini upendavyo. Kwa kupanga mawazo ni raha tupu. Ukifika kwenye kibanda cha fotokopi kuprinti, ukurasa huohuo hukatikakatika vibaya, mchoro wa saketi unagawanywa karatasi mbili. Naitumia kwa kazi za kikundi tu.

Squid ni nyepesi na mistari yake haivunjiki hata ukikuza maandishi, ila kuandika juu ya PDF ni huduma ya kulipia, na mimi PDF ndiyo chakula changu cha kila siku. Sikukaa nayo.

Nimejaribu pia Goodnotes kwenye iPad ya mwenzangu wa chumbani. Mwandiko unatiririka vizuri na inatafuta neno hata ndani ya maandishi ya mkono. Ila toleo la bure alilokuwa nalo liliruhusu madaftari matatu, na muhula mmoja una masomo zaidi ya hayo.

Jambo ambalo ningetaka kila mwanafunzi alitilie maanani ni kwamba masharti ya programu hubadilika ukiwa katikati ya kozi. Novemba 2021 Notability ilihamia malipo ya kila mwaka, na watu waliokuwa wameinunua wakalalamika hadi kampuni ikawarudishia huduma walizolipia. Desemba 2023 Evernote ilipunguza akaunti ya bure hadi noti 50 na daftari moja. Kozi ya uhandisi ni miaka mitano! Kuna programu nyingine, sitaitaja, iliyonitoa kwenye akaunti wiki ya mitihani wakati stima imepotea mtaani na Wi-Fi imekufa nayo, ikanidai niingie upya mtandaoni ndipo nione noti zangu mwenyewe. Nilisomea za rafiki. Tangu hapo kila Ijumaa natoa madaftari ya wiki kama PDF na kuyaweka kwenye memori kadi, na programu isiyotoa PDF nzima bila malipo siiweki hata kwa majaribio.

Ukienda kununua, Luthuli au Moi Avenue, usiridhike na muuzaji kukuonyesha video. Beba PDF yako nzito kwenye simu, mwombe aifungue kwenye tableti, zima intaneti, laza kiganja kizima juu ya kioo kisha andika mlinganyo wenye namba ndogondogo za juu na za chini, kwa kasi ileile unayoandika darasani. Mstari ukichelewa kufuata kalamu, au kiganja kikiacha madoa, mrudishie na uombe nyingine.