Kozi ya jioni ya mtiririko wa vimiminika, Mombasa: uzoefu wangu

Kwa fundi au mhandisi wa viwanda vya mafuta ya kupikia, au wa matangi ya mafuta ya Shimanzi, Mombasa, kozi hii inafaa kulipiwa, hasa kwa ajili ya meza yake ya majaribio: pampu ndogo, paipu angavu na manomita ya maji (mirija miwili yenye maji inayoonyesha tofauti ya presha).

Kabla ya kupima chochote unatoa hewa. Fungua valvu ndogo zilizo juu ya manomita, gongagonga mipira ya kuunganishia mpaka viputo viishe, kisha simamisha mtiririko. Safu mbili za maji zisipolingana, hewa ingali ndani na vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

Somo la pampu ndilo bora kuliko yote. Mwalimu hubana polepole valvu ya upande wa kuvuta. Geji inashuka, pampu inanguruma kana kwamba imemeza kokoto. Maji ya nyuzi 30 huchemka presha ikifika takriban 4.2 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha), basi viputo huzaliwa kwenye jicho la impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji), na presha inapopanda tena husinyaa kwa kishindo na kumomonyoa chuma. Ndiyo maana mtiririko hurekebishwa kwa valvu ya upande wa kutoa. Na hesabu ya upande wa kuvuta ya Mombasa usiihamishie Nairobi vivi hivi, kwa kuwa presha ya hewa ndiyo inayosukuma maji yaingie kwenye pampu: hapa presha ya hewa ni sawa na mita 10.3 hivi za maji, kule ni kama 8.5.

Udhaifu mkubwa ni kwamba wanapima maji tu. Chukua paipu laini ya milimita 50 inayopitisha lita 2 kwa sekunde. Kwa maji, namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko) ni kama 63,000 na kila mita 10 hupoteza takriban 2 kPa. Mafuta ya mawese yenye mnato (uzito wa kutiririka) wa 40 mPa·s yatakuwa na Reynolds ya 1,150 hivi, mtiririko tulivu, na yatapoteza zaidi ya 5 kPa. Yakipoa, mnato ukiongezeka maradufu, hasara nayo ni maradufu. Jambo hili lilistahili kipindi kizima.

Notisi za kozi nazo zinachanganya vizidishi viwili vya msuguano vinavyotumika kukokotoa hasara ya presha, cha Darcy na cha Fanning (cha Darcy ni mara 4 ya cha Fanning), na jibu linakosea mara 4. Kabla ya kutumia chati yoyote, tazama mstari wa mtiririko tulivu penye Reynolds 1,000: ukisoma 0.064 ni ya Darcy, ukisoma 0.016 ni ya Fanning.