Kamera ya kufuata mpira wa kriketi: miezi mitatu nayo uwanjani Mombasa

Vijana ninaowafundisha kurusha mpira wa kriketi hapa Mombasa wana swali lao: "Kocha, hiyo yaenda ngapi?" Bunduki ya rada ilinishinda bei, nikajaribu simu, nikavunjika moyo. Simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mpira unaokimbia hutokea umepinda kama embe, na programu haijui kitovu chake kiko wapi.

Ndipo nikanunua Raspberry Pi Global Shutter Camera, kamera inayochomekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kunasa picha nzima kwa mkupuo mmoja. Ina megapikseli 1.6 tu. Msiitupe kwa hilo! Mpira wa kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde. Shata, yaani kilango cha mwanga cha kamera, ikikaa wazi 1/250 ya sekunde, mpira umeshasogea sentimita 11, zaidi ya upana wake, na unachopata ni mkia mwekundu. Kwa 1/2000 husogea sentimita 1.4, unabaki mviringo. Shata fupi hivyo hula mwanga, na jua letu la saa nne asubuhi linautoa bila hesabu. Jioni nafunga virago.

Lenzi hununuliwa kando, iweke kwenye bajeti.

Kamera hupiga picha 60 kwa sekunde, yaani mpira huo huruka sentimita 46 toka picha moja hadi nyingine. Nimeielekeza ubavuni mwa njia ya mpira, kwenye mita 6 tu, napata picha kama 13. Programu nimeiunda kwa OpenCV, maktaba ya bure ya kuchambua picha kwa kompyuta: inatafuta kilichobadilika kati ya picha na picha, kisha kichujio cha Kalman, hesabu inayotumia mwendo uliopita, kinabashiri mpira utatokea wapi, ili itafute hapo tu badala ya picha nzima. Bila hilo kompyuta yangu ndogo haiwahi, maana kila picha ina milisekunde 16 na ushei.

Kilichonitesa ni upepo wa kusi. Makuti ya minazi nyuma ya uwanja yalitikisika, na programu ikayafuata kwa bidii kuliko mpira. Nilitundika turubai jeusi nyuma, nikafunga mguu wa kamera kwa mfuko wa mchanga, kukatulia.

Kabla ya kuamini namba, dondosha mpira kutoka mita 2. Ukifika chini lazima uwe na takriban kilomita 22.5 kwa saa. Yangu ilisoma 22, nikawaita vijana.

Kamera moja haioni kina, yaani mpira uko mbali nayo kiasi gani: mrushaji akipinda kuja upande wa kamera, namba hupanda kwa uongo. Hawk-Eye, mfumo wa kufuata mpira ulioanza kuonekana kwenye kriketi ya televisheni mwaka 2001, hutumia kamera kadhaa kwa sababu hiyohiyo. Nimeshaagiza ya pili.