Alinusa simu yangu kabla hajaiwasha

Naanza na kijana wa kaunta ya matengenezo ya simu kule Dar, maana nikianza na simu yenyewe hasira itapoa. Nilimkabidhi simu yangu ya kukunja imefungwa, nimeifuta kwa kitambaa cha miwani, nimeirudisha kwenye mfuko wake mweusi iliokuja nao. Akaitoa. Hakuiwasha, hakuuliza inaumwa nini. Akaipeleka puani. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, "Hebu njoo," mwenzake akaja naye akanusa, wakatazamana. Ndipo akanigeukia.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kigoma."

"Unashughulika na nini?"

"Dagaa."

"Aah. Mama yangu, simu hizi si za watu wa dagaa."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mmoja alikuwa na kitochi mkononi, naye akacheka.

Nimeuza dagaa ufukweni Kibirizi, Kigoma, tangu huyo kijana hajazaliwa. Hiyo harufu aliyoikunjia pua ndiyo imesomesha wanangu na kuninyanyulia nyumba Gungu. Ndiyo hiyo hiyo iliyonunua hiyo simu, taslimu, milioni moja na laki mbili, na aliyezipokea zile noti alizihesabu mara mbili kwa kulamba kidole. Hakuzinusa.

Basi, simu ya kukunja. Nilikwenda Dar kwenye harusi, mwishoni mwa mwaka, nikamwona wifi mmoja anaongea na simu, alipomaliza akaifunga kwa mkono mmoja, tap! Ukumbi mzima ukamgeukia. Nikajisemea hata mimi nitakuwa na tap yangu. Kesho yake nikajikuta Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, wanakouza simu mpaka ngazini. Kijana wa duka hilo, huyu alikuwa na adabu zake, akachukua chupa ya maji ya kunywa akaimwagia simu mbele ya macho yangu, akaifuta kwa shati, ikawaka. "Mama mkubwa, hii hata ziwani unaingia nayo." Mimi nakaa ziwani. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nisiwe mchoyo wa haki: miezi ya mwanzo niliipenda ile simu kuliko ninavyopenda kukiri. Ikikunjwa inaenea kwenye pindo la kanga, nafunga fundo, natembea. Mdaiwa akianza hadithi zake za "Jumatatu mama, Jumatatu", sibonyezi kitu, nakunja tu. Anayekatiwa hivyo nadhani anasikia kabisa kwamba amekunjiwa.

Lakini kilichonimaliza ni kwamba inasimama yenyewe. Unaikunja nusu, unaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, inabaki inakutazama, mikono yako yote miwili iko huru. Mtu wa ofisini hajui thamani ya hilo. Mimi dagaa wangu naanika kwenye vichanja, simwagi chini ufukweni, kwa hiyo hawana mchanga, na bei yangu iko juu kwa sababu hiyo. Sasa mnunuzi yuko Dar, atajuaje? Kila mtu wa Kigoma atamwambia wake hawana mchanga. Nilichofanya ni hiki: nasimamisha simu kwenye ndoo, namwita kwa video, nachukua beseni jeupe, natia maji, nachota viganja viwili vya dagaa mbele yake, nakoroga, nawatoa. Halafu nainamisha beseni taratibu kuelekea kamera. Maji yanasogea, chini peupe. Hakuna punje. Kuna mama mmoja wa Ilala alikuwa akiona hivyo anasema tu, "Nitumie magunia manne," bila hata kuniomba punguzo. Simu ile ilikuwa inajilipa, nilishaanza kuwashauri wenzangu wanunue.

Mnaona linakoelekea. Dagaa hawakuwa na mchanga. Simu ndiyo iliyokuwa nayo.

Kibirizi upepo wa kutoka ziwani ukianza hauulizi. Mchanga ule si ule mnene wa kujengea, ni vumbi la mchanga, linaingia mpaka kwenye chai. Siku moja nimemaliza kuongea, nakunja, nikasikia krr. Kidogo tu, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Nikafungua, nikapuliza, nikakunja tena, kimya. Nikasahau. Baada ya wiki hivi, au mbili, nikipitisha kidole katikati ya kioo, pale penye mkunjo, nikahisi kipele. Unakipapasa lakini hukioni. Kipele kikatoa mstari, mstari ukatoa doa jeusi, na doa likaanza kutembea kama wino uliomwagika kwenye daftari. Asubuhi moja nusu ya juu ya kioo ilikuwa usiku.

Nikampelekea fundi mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, kijana mnyenyekevu. Akaweka lenzi jichoni, akachungulia bawaba ubavuni, akaniita nami nichungulie. Punje zimejipanga mle kama kunguni kwenye ubao wa kitanda. "Mama, hii siifungui," akasema. "Nikiifungua ikafa mkononi kwangu utanidai mimi." Akanieleza kwamba kioo cha ndani cha simu hizi si kama hivi vigumu tulivyozoea. Ni cha kukunjika, juu yake kuna utando wa plastiki, hata ukucha ukikazana unaacha alama, na kikiharibika kwa kawaida kinabadilishwa pamoja na sehemu yake yote, si kile kioo cha elfu arobaini cha simu zetu. Hakunitoza hata mia. Huyo Mungu amzidishie.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo Dodoma, ndiye aliyeniua zaidi. Nilimsomea kwa simu maandishi ya kwenye boksi, akanikatisha: "Mama mkubwa, rudia hapo. IPX8?" Nikarudia. Akasema namba ya kwanza baada ya IP ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Hiyo 8 ni maji, ndiyo maana yule muuzaji alimwaga chupa kwa kujiamini. Na hiyo X? X maana yake kinga ya vumbi haikupimwa. Yaani mahali pa kuandika habari za mchanga wameweka alama ya mwalimu aliyekosa la kuandika kwenye ripoti. Herufi moja, nimeibeba kutoka Kariakoo mpaka mwisho wa reli bila kujua inasema nini.

Akaniambia pia kwamba wenyewe wakubwa yaliwakuta. Mwaka 2019 Samsung walipotaka kutoa Galaxy Fold yao ya kwanza, baadhi ya waandishi waliopewa waijaribu waliharibu vioo ndani ya siku chache tu. Kuna waliobandua ule utando wakidhani ni protekta, na kuna ambaye kioo chake kilitoka kinundu katikati. Kinundu! Kipele changu kabisa. Ilikuwa itoke Aprili, wakaisogeza mpaka Septemba, wakaongeza vizibo kwenye ncha za bawaba. Kwa hiyo wanajua, na walikuwa wanajua. Mimi nilidhani nimelogwa.

Nikangoja ziwa lifungwe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na dagaa wasipovuliwa mimi kazi yangu ni kukaa barazani tu. Nikasema bora nipeleke simu Dar mwenyewe, garantii ya mwaka bado ina uhai. Ndiyo nikaenda kunuswa.

Baada ya kicheko kile akaiwasha, akaona usiku wangu, akachomeka kidude kwenye bawaba, akanionyesha punje moja kwenye ncha ya kidole chake. Punje moja, mnasikia? "Mchanga, mama. Garantii haihusiki." Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akageuza karatasi, Kiingereza, herufi za kusomwa na sisimizi. Nikamwambia mimi nilionyeshwa maji nikaambiwa niingie nayo ziwani. "Mama, ziwani si ufukweni," akajibu. Sijui alidhani watu huingia ziwani kwa kushuka kutoka mbinguni. Kubadilisha kioo laki saba na nusu, na hicho kipya nacho hakina garantii ya mchanga. Nikachukua simu yangu, nikaikunja mbele yake. Nilitaka itoe ile tap. Ikatoa krr.

Nakiri jambo moja. Usiku ule gesti nilifunga mlango, nikaitoa kwenye mfuko, nikainusa. Inanuka. Kidogo, lakini inanuka. Hilo halimpi ruhusa. Anayeuza mafuta ya taa simu yake inanuka mafuta ya taa, na mganga wa meno simu yake ina harufu ya dawa. Sisi ndio tunaitiwa mashahidi.

Hukumu yangu basi: msinunue. Kama unakaa penye mchanga, vumbi, unga, saruji, usinunue, na Tanzania hii nitajie mahali pasipo na mojawapo. Usinunue kwa sababu mtu amemwaga maji juu yake, mwulize kuhusu mchanga, umtazame macho. Usinunue kama milioni yako ni mtaji.

Ila. Nikitulia nasema makosa mengine ni yangu. Ningekuwa naiwekea kikaratasi chini, naikung'uta kabla ya kukunja, siifungi mle kwenye pindo la kanga lenye magamba. Na simu ya kukung'utwa kama mkeka kila ukimaliza kuongea, hiyo ni simu au mgeni? Naona nimeanza tena. Wifi yule wa harusini yake bado inapiga tap mpaka leo, yeye ni karani, kazi yake ni viyoyozi na meza. Kwa mtu kama yeye sioni ubaya. Tena nitasema hata kwa mtu kama mimi, kama simu zile zingedumu, nisingetaka simu nyingine. Mtoto wa dada anasema 2025 Google wametoa ya kukunja iliyozuiliwa vumbi kabisa, Pixel 10 Pro Fold, ile X imeondoka imewekwa 6. Nikamwuliza bei. Alipoitaja nikamwuliza habari za masomo.

Yangu ipo kabatini, nimeifunga kwenye leso. Kile kioo kidogo cha nje bado kinawaka, kinanionyesha saa na jina la anayepiga kana kwamba ndani hakuna msiba. Miamala nafanya kwa kitochi. Kwa video natumia simu ya kawaida ya jirani, ambayo haisimami yenyewe, kwa hiyo inabidi mwanawe wa miaka tisa anishikie. Juzi nimechota dagaa, nimekoroga, nimeinamisha beseni kwa madaha yangu yote, maji meupe, hakuna punje, namsubiri mama wa Ilala aseme magunia mangapi.

"Mama," akasema, "naona vidole vya miguu vya mtoto. Dagaa wako wapi?"