Premio, Mark X au BMW: sedani ipi ya kununua ukiwa Mtwara au Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, swali la gari halichelewi. Kuanzia Novemba mpaka Januari, kutoka Tandahimba hadi Ruangwa, mtu aliyepata chake anampigia simu shemeji yake wa Dar: nichukue Premio, au nivute BMW kabisa? Mwalimu wa Masasi aliyepata mkopo anauliza lilelile, na kijana wa bandarini Mtwara naye analo. Zamani mfuko ndio uliokuwa unajibu. Siku hizi haujibu, maana BMW 320i ya 2008 inaweza kupaki yadi moja na Premio ya mwaka huohuo, bei zimekaribiana, na wakati mwingine ya Mjerumani ndiyo iko chini.

Hapo ndipo watu wanaponaswa. Premio haishuki bei kwa kuwa kila mtu anaitaka. BMW imeshuka kwa kuwa walioimiliki wanajua inachodai. Kwa hiyo bei ya yadi iweke pembeni kwanza. Uliza likiharibika nani atalifungua, spea itatoka wapi, na siku ukitaka kuliuza nani atalinunua. Nimeyapanga magari haya kwa vigezo hivyo, kwa mtu anayeishi huku Kusini na si Masaki.

Kasi utaitumia wapi?

Sedani za kifahari zinauzwa kwa kasi, basi tuanze nayo. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi, na kwenye ramani inaonekana ni barabara ya kuachia gari. Ukishaipita unajua. Kila kijiji kina kibao cha 50, kina rasta, kina matuta, na ukimaliza matuta, chini ya mwembe, yupo trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo. Mbanja, Mchinga, Nangurukuru, Somanga, hadithi ni ileile. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na tochi haiulizi injini ina silinda ngapi. Mark X ya cc 2500 ina nguvu za farasi zaidi ya 200, Premio ya cc 1500 ina kama 110. Kwenye kibao cha 50 zote zinaburuzana.

Nguvu ina faida yake pale unapoovateki. Umefuata semi mbili zilizobeba saruji, moja nyuma ya nyingine, mlima uko mbele: Mark X inakupitisha mara moja, wakati Premio ya 1.5 yenye watu watano na AC imewashwa inakutaka usubiri. Hilo silipingi, na wala si mbwembwe, ni usalama. Anayekwenda Dar kila wiki ana haki ya kulipia. Anayezunguka Ligula, Chikongola na Mikindani, kisha Jumamosi anakwenda shamba Naliendele, hana pa kuitumia.

Halafu kuna hali ya njia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara kuu eneo la Somanga, Kilwa, na Kusini ikabaki imetenganishwa na Dar kwa njia hiyo. Masika yoyote yakichachamaa unaweza kujikuta kwenye mchepuko wa tope, na sedani iliyolala chini inajifunza huko ina bampa la aina gani. Kutoka Mnivata kupanda Tandahimba na Newala, kabla lami haijakukuta, vumbi jekundu na mchanga vinakusubiri. Msimbati sisemi. Ule mchanga wa pwani umemeza hata magari ya maana.

Nafasi ya kwanza: Toyota Premio (na Allion, ndugu yake)

Nazungumzia toleo lililoanza 2007. Ya cc 1500 ina injini ya 1NZ, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiweka juu. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox, kwenye Raum, kwenye Fielder, kwenye baadhi ya IST. Fundi wa Masasi ameifungua kabla hujamfikia, na plagi, koili au pampu ya maji anaweza kuipata palepale mjini bila kusubiri basi la Dar. Kwa barabara ndefu, ukienda kwa utulivu, lita moja inakupa kilomita 14 au 15, maana yake Dar unafika kwa lita 40 au chini kidogo.

Kama una safari za Newala, hasa ule mlima wa kupandia kutokea Masasi, chukua ya cc 1800. Inakula zaidi kidogo, ila haitalia. Ukipata iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 2010, ichangamkie: zile za baadaye zina Valvematic, mfumo wa kurekebisha ufunguaji wa valvu, na kifaa chake kikigoma huku kwetu utazungushwa sana.

Kasoro yake ni moja na nitaikazia kwa sababu inaua magari mazuri kila mwaka. Gia boksi ya Premio za 1.5 na 1.8 ni CVT, ile ya mkanda badala ya gia za kawaida, nayo ina oili yake maalumu. Fundi wa njiani akikuona tu anachukua haidroliki nyekundu ya gia boksi za kawaida, anajaza, anafuta mikono, gari linaondoka vizuri. Baada ya muda linaanza kuvuma, kisha linasita ukitoka kwenye matuta, kisha gia boksi nzima inatafutwa Kariakoo. Nunua oili yako mwenyewe, kaa na kopo mkononi, na simama hapo mpaka amalize.

Haina mvuto? Kweli haina. Dashibodi yake ni ya baba mkwe. Lakini ukisema unaiuza, simu zinaita kabla hujapiga picha ya pili.

Nafasi ya pili: Mark X, ile mpya

Mpya maana yake toleo lililoanza 2009, si lile la 2004. Tofauti si sura tu. Injini ya cc 2500 ya toleo la kwanza ilitengenezewa petroli ya daraja la juu kule Japani, wakati ya toleo la pili ilipangwa upya itumie petroli ya kawaida. Kwa mtu anayejaza mafuta Nachingwea au Liwale, hilo si jambo dogo.

Ndani ni gari la kifahari kweli, na kwa kuwa ni Toyota, mafundi hawaliogopi. Lakini hesabu zake ni za silinda sita: plagi sita, oili lita sita na zaidi, na mafuta kilomita 9 au 10 kwa lita safari ndefu, chini ya hapo mjini. Tangu kodi ya mwaka ya gari ifutwe 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kila lita unayoongeza unailipia na hiyo pia.

Nyingi zinavutwa na matairi ya nyuma. Kwenye lami ni raha, kwenye mchanga tairi moja la nyuma linachimba shimo na wewe unashuka kutafuta vijana wa kusukuma. Wengine huiinua kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi. Inasaidia kwenye matuta, ila bushi na boljointi zitakuwa zinaisha mapema, hivyo bei ya spesa si ile uliyotajiwa dukani tu.

Injini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na hushika masizi. Dalili ni gari kutetemeka likiwashwa asubuhi. Kuna dawa, ni kusafisha, na mtu wa kuifanya kazi hiyo sawasawa umtafute kabla hujanunua.

Nafasi ya tatu na ya nne, kwa haraka

Crown Athlete ni Mark X iliyovaa suti. Injini ni za familia hiyohiyo, kiti kizuri zaidi, gari zito zaidi, na baadhi zina shokapu zinazoongozwa kwa umeme ambazo bei yake itakufanya ukae chini. Kama moyo umeipenda, tafuta yenye shokapu za kawaida.

Subaru Legacy B4 inakamata njia kuliko zote hapa kwa kuwa inavuta matairi yote manne, na kwenye tope la Kilwa utaipenda. Zile za injini ya EJ zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Usipoambiwa kwa ushahidi ulibadilishwa lini, uhesabu haujabadilishwa.

Nafasi ya tano: BMW 320i na Mercedes C200

Nimeziweka mwisho bila chuki. Hakuna kati ya hizo nyingine inayokata kona ya Mikindani kama BMW ya umbo la E90, na mlango wa Benz ukifungwa unasikia kwa nini watu wanauza shamba. Shida ni umbali.

Chukua mambo mawili tu. Nyingi ya BMW hizi zilitoka kiwandani bila tairi la akiba. Zina matairi yenye kuta ngumu yanayoweza kutembea bila upepo, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Kwa Ulaya inatosha. Kati ya Nangurukuru na Lindi, pancha ikikukuta pabaya, kilomita 80 ndiyo kwanza zinakuacha njiani au zinakufikisha kwenye mji usio na saizi yako. Anayenunua BMW huku anunue na rimu ya tano siku hiyohiyo, akubali kupoteza nusu ya buti.

Benz ya umbo la W204 nayo ina kufuli ya usukani inayoendeshwa na mota ndogo ya umeme. Mota ikichoka, unaingiza ufunguo na hakuna kinachotokea: injini nzima, betri nzima, gari halitaki. Dawa yake inahitaji kompyuta na mtu anayeijua. Kama mtu huyo yuko Dar, gari lako litapanda lori. Minyororo ya taimingi ya injini zake za cc 1800 kulegea, na BMW za 320i kuvuta oili na kutoa moshi wa bluu, ni mengine yanayojulikana.

Kuna mtu mmoja nitakayemwambia anunue: anayekaa Shangani ya Mtwara, ana pikapu ya shamba pembeni, yuko Dar kila mwezi kwa kazi zake na huko ana fundi anayemwamini. Gari la pili linaruhusiwa kuwa la moyo. Ila Shangani ni baharini, na chumvi ya upepo haibagui kabila la gari, kwa hiyo aoshe chini kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

Ukiagiza mwenyewe Japani

Kwa gari lililozidi cc 1000 mpaka cc 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Ndiyo maana 320i yenye cc 1995 inaponea, na Mark X yenye cc 2499 haiponei. Kwa gari ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wamelithamini milioni 10, tofauti hiyo, ukiweka ushuru wa forodha wa asilimia 25 chini yake na VAT ya 18 juu yake, inafika 737,500. Ushuru wa uchakavu ndio unaouma zaidi: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likipita 10 ni asilimia 30. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu pesa, na uangalie thamani waliyoiweka wao, kwa sababu bei uliyopatana wewe na muuzaji haiwashughulishi.

Ukinunua la mkononi

Usinunue Desemba kama unaweza kujizuia. Madalali wanajua korosho imelipwa kabla yako. Kuanzia Machi, na hasa Mei salfa inapohitajika shambani, magari yaliyonunuliwa kwa shangwe yanarudi sokoni yakiwa na bei ya adabu.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kutangaza. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, limeshawashwa ili usisikie linavyoamka, basi rudi kesho. Likiwa baridi, mwache muuzaji awashe huku wewe umesimama nyuma ya ekzosi ukiangalia rangi ya moshi. Fungua mfuniko wa oili, utando wa rangi ya maziwa ni maji yameingia. Angalia mpira wa pedali ya breki: kama umelika mpaka chuma na dashibodi inasema kilomita 70,000, mmoja wao anadanganya. Lala chini, tazama sampu ya oili na vizingiti vya milango kama vina mikwaruzo ya matuta na kutu.

Kabla ya kwenda TRA kubadilisha umiliki, chukua namba ya gari uiingize kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni. Mark X iliyozoea njia ya Dar huwa na tochi zake za Mchinga na Somanga ambazo hazijalipwa. Muuzaji azimalize kwanza, akuonyeshe risiti, ndipo utoe hela.