Duka la dawa la Sinza ambako maswali hutangulia dawa

Kwa wiki tatu nilikuwa nikipata choo mara mbili tu kwa wiki, tena kigumu na cha vipande vidogo vidogo, na hata baada ya kujikamua kwa muda mrefu nilitoka msalani nikihisi haja haijaisha. Niliingia katika duka hili, lililo jirani na kazini kwangu, nikikusudia kununua vidonge vya kuharisha na kuondoka, kama nilivyozoea kwingine, ambako ukitaja dawa hupewa bila hata kuulizwa umri.

Mfamasia hakugusa rafu. Aliuliza kwanza kama choo kina damu, kama ninatapika, kama tumbo limevimba au nimepungua uzito, akasema kwamba lolote kati ya hayo lingemfanya anielekeze hospitali bila kuniuzia kitu. Kisha akauliza dawa ninazotumia. Nilipozitaja, alinikatiza: "Dada, hivyo vidonge vya kuongeza damu ulivianza lini?" Nilikuwa nimevianza mwezi mmoja kabla. Alieleza kwamba madini ya chuma hufunga choo kwa watu wengi, kama zifanyavyo dawa za maumivu zenye kodeini, lakini akanionya nisiviache kabla ya kuzungumza na daktari aliyeniandikia. Nilikiri pia kwamba asubuhi sinywi maji, kwa hofu ya kubanwa katikati ya foleni ya kutoka Mbagala, na kwamba nikibanwa na haja kubwa kazini huivumilia hadi jioni. Alisema kinyesi kikikaa, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji, ndiyo maana hutoka kigumu.

Aliniuzia laktulosi, dawa ya maji tamu kupita kiasi ambayo huvuta maji utumboni, akisisitiza kwamba huchukua siku mbili hadi tatu. Siku ya tatu nilipata choo laini, ingawa gesi ilinisumbua mno. Ushauri wa kuacha sembe na kula dona, maharage na mapapai nimeufuata nusu, kwa kuwa nyumbani watoto hawataki kuliona dona.

Kasoro kubwa ni kukosekana kwa faragha: wateja watatu walisimama nyuma yangu wakisikia habari zote za choo changu. Aidha, kwa kuwa kila mtu huhojiwa hivyo, jioni foleni hufika mlangoni, na anayehitaji dawa ya kichwa tu afadhali aende asubuhi.