Baada ya mahakama ya kijeshi: Banjul, Arusha au Mahakama ya Afrika Mashariki?

Kwa raia au askari aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi na anayetaka kulalamika nje ya nchi yake, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, ni ya mwendo wa kobe, lakini kwa wengi ndiyo iliyo wazi. Mahakama ya Afrika, Arusha, ni bora zaidi: hukumu zake zinaifunga serikali, na kufungua shauri ni bure. Tatizo ni mlangoni. Mtu binafsi haingii mpaka nchi yake iwe imeweka tamko la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri, chini ya Ibara ya 34(6) ya Protokali iliyoianzisha mahakama hiyo. Kenya na Uganda zimeridhia Protokali bila kuliweka. Tanzania ililiondoa, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 22, 2020.

Kote kuwili utaulizwa swali la Ibara ya 56(5) ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu: je, umemaliza nafuu za ndani, yaani njia za kisheria za nchini mwako? Zinazohesabiwa ni nafuu za kimahakama tu, zinazopatikana, zenye tija na zinazotosha, kama Tume ilivyosema katika shauri la Jawara dhidi ya Gambia, 2000. Kamanda anayethibitisha adhabu au Rais anayeombwa msamaha hayumo humo. Lakini sheria ikitoa rufaa kwenda mahakama ya rufaa ya kijeshi, kisha mahakama ya kiraia, ikate. Kuhisi kwamba maofisa wataitupa rufaa hakukuondolei wajibu huo.

Maombi ya mapitio baada ya rufaa ya mwisho ni nafuu ya ziada, si lazima. Hilo lilikaa sawa katika Alex Thomas dhidi ya Tanzania, 2015. Shauri la kikatiba nalo halikuwa lazima pale, ila usiibebe hoja hiyo kichwakichwa hadi Uganda. Huko, Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ilibatilisha kuwashitaki raia kwenye mahakama za kijeshi, katika shauri lililoanzia Mahakama ya Katiba. Nani atakuamini ukisema njia hiyo haina tija?

Rufaa ikicheleweshwa kupita kiasi, sharti linalegea, ila ucheleweshaji huthibitishwa kwa karatasi. Kila barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri iwe na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri, serikali itajibu kwamba hukuomba kitu.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haidai nafuu za ndani kabisa. Katika shauri la Katabazi, 2007, iliikosoa Uganda kwa askari kuwakamata tena mahakamani watu waliokuwa wamepewa dhamana. Inachobana ni muda: miezi miwili tangu kitendo au uamuzi, au tangu ulipojua, na haina huruma. Hapo ndipo mawakili hunaswa. Ukisubiri rufaa imalizike kwa ajili ya Banjul, muda wa kulalamikia kitendo cha mwanzo umeshakwisha kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Amua mapema unakwenda wapi.

Kwa adhabu ya kifo, omba amri ya muda ya kusimamisha adhabu siku ileile unayowasilisha lalamiko, ukijua kwamba ombi la Tume halikumwokoa mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa: Nigeria ilimnyonga Novemba 10, 1995.